Niliosha kwa Jiwe, Nikaandika Asidi

Bulyaga, Tukuyu
Alasiri, kesho unaondoka

Atupele mwanangu,

Umekwenda Kawetele kumuaga bibi yako, nami nimekaa kwenye meza yako ya kusahihishia madaftari. Sanduku lako liko tayari. Sitakuandikia habari za kula vizuri, kufunga mlango wala kuchagua marafiki. Umefundisha watoto wa watu miaka miwili, hayo unayajua, na mengine umenizidi. Nina jambo moja tu, na nimelikalia zaidi ya miaka kumi. Tangu barua ya chuo ilipofika nimejaribu mara tatu kukwambia kwa mdomo, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza kama umekula.

Unakwenda kujifunza kuotesha mirija ya kaboni. Unakwenda kwenye maabara ile ile niliyoifanyia kazi mimi, chini ya mtu yule yule. Jina lake sitaliandika hapa, limo kwenye barua yako ya kukubaliwa. Nitamwita Daktari kama tulivyomwita zamani, ingawa sasa ni Profesa. Wewe unajua mama yako alikuwa anafanya usafi pale, akapunguzwa kazi kama wengine wengi mashirika yalipoanza kuuzwa, akarudi nyumbani kulima. Hivyo ndivyo nilivyokwambia. Ni kweli iliyokatwa vipande, na nataka upate vipande vilivyobaki kabla hujampa mtu yule mkono.

Mimi nilikuwa mhudumu wa maabara. Niliosha vyombo. Kulikuwa na tanuri refu la umeme, na katikati yake limepita bomba la kioo kigumu. Ndani ya bomba walisukuma visahani vyeupe vya kauri, virefu kama kidole, vimepakwa dawa yenye chuma. Hewa inafukuzwa kwanza kwa naitrojeni, moto unapanda mpaka nyuzi mia saba, kisha inaingizwa gesi ile ile ambayo mafundi wanachomelea vyuma. Gesi ikigusa chembe ya chuma inavunjika, kaboni inaingia ndani ya chembe, na chembe ikishiba, kaboni inachomoza ikiwa mrija. Chembe zikiwa kubwa mno unapata masizi matupu. Najua utacheka, mama anakufundisha kazi yako. Cheka, lakini ujue niliyajua haya kabla yako, na hakuna aliyenifundisha. Niliyaokota nikiwa napiga deki wakati wao wakifundishana.

Kila mara waliweka na kisahani kimoja kitupu, kisichopakwa kitu. Daktari alipenda kuwaeleza wanafunzi: hiki ndicho shahidi wetu, bila kichocheo hakuna kinachoota. Kisahani hicho kilitakiwa kitoke cheupe kama kilivyoingia.

Visahani vyote vilitakiwa kuoshwa kwa asidi. Mwaka ule fungu la chuo lilikatwa, kila idara ikaambiwa ijitegemee, na stoo wakaniambia asidi imekwisha, haijulikani itakuja lini. Nilikwenda kwa Daktari kumwambia. Hakuinua kichwa.

"Mama Atu, mimi nakuletea wewe matatizo ya jikoni kwangu? Vyombo viwe safi. Basi."

Nikatoka. Sasa unanijua, na unamjua bibi yako aliyenilea. Kwetu mwanamke anaweza kukosa chumvi akaazima kwa jirani, lakini sufuria jeusi mbele ya mgeni ni aibu isiyoazimwa. Nilipoondoka Tukuyu kwenda Dar es Salaam bibi yako alinifungia kwenye kanga mawe yetu, yale mepesi yenye matundu, yanayoelea juu ya maji, tunayookota kwenye makorongo ya Kawetele na kusugulia visigino na masufuria. Nikachukua moja, nikaliponda kwenye benchi la maabara, nikalisaga likawa unga, nikasugua visahani vyote mpaka vikang'aa. Nilijivunia. Na kwenye daftari la usafi, penye mstari unaouliza chombo kimeoshwa kwa nini, nikaandika: Asidi.

Niliandika hivyo kwa sababu mstari ulikuwa unataka asidi. Nilimpa mwalimu jibu analolitaka, kama wanafunzi wako wanavyokufanyia wewe. Kila siku, miezi mitatu, kwa mwandiko wangu mzuri ambao wote waliusifu. Hilo ndilo kosa langu, mwanangu, na hakuna mtu wa kunisaidia kulibeba.

Wiki ya pili tu kisahani kitupu kilianza kutoka na manyoya meusi. Manyoya kabisa, laini, ukikipuliza yanatikisika. Daktari alikitazama akakitupa. Kikaja kingine hivyo hivyo. Akabadilisha gesi, akabadilisha bomba, akawafukuza wanafunzi wawili wakae nje siku nzima kwa kosa la kucheka. Kazi yake yote ilikuwa inasimama juu ya kisahani kile cheupe, na sasa shahidi wake alikuwa anamsaliti mbele ya wageni waliotoa fedha. Akaitisha kikao.

Fundi wa tanuri alikuwa Mzee Shomari, mtu wa Kisarawe, mtaratibu, mkono wake haujui papara. Umri wake ulikuwa wa baba yangu, na aliniita binti yangu tangu siku ya kwanza. Alilijua tanuri lile kwa sauti yake. Hakuwa na daftari, kwa sababu kuandika kwake kulikuwa kwa shida, basi kila kitu alikiweka kichwani.

"Hewa chafu inaingia kwenye bomba," Daktari akasema. "Mafuta ya mashine yanaingia. Mzee Shomari, valvu zako hizo."

"Bomba liko sawa, Daktari. Nimelipima kwa povu la sabuni, kiungo kwa kiungo. Halivuji."

"Na vyombo? Vimeoshwa kwa nini?"

Akanigeukia. Watu wote wakanigeukia. Mzee Shomari naye akanitazama, na macho yake sijayasahau mpaka leo.

"Asidi," nikasema.

Daktari akalifungua daftari langu, akalinyanyua juu kama mchungaji anavyonyanyua Biblia. "Mnaona? Asidi, asidi, asidi. Huyu mama wa darasa la saba anaandika kazi yake. Wewe mzee, daftari lako liko wapi?"

Mzee Shomari akarudi kwenye tanuri lake. Mwezi haukuisha, orodha ya kwanza ya wanaopunguzwa ikabandikwa ukutani, na jina lake lilikuwa la juu. Chuo kizima kilisema ameharibu tanuri. Nilisimama mbele ya karatasi ile nikiwa na ndoo mkononi, nikasoma jina lake, nikaenda kupiga deki.

Hapo unaweza kuweka barua chini kidogo kama unataka. Mimi mwenyewe nimeinuka nikaenda kuangalia maharage.

Alipoondoka mzee, hakuna aliyejua kuliwasha tanuri ila mimi niliyekuwa nikimwangalia, kwa hiyo mhudumu akageuzwa fundi bila kubadilishiwa cheo. Nikawa peke yangu nalo. Na mimi si mjinga, Atu, hata kama nilifanya ujinga. Nilianza kujiuliza mbona visahani vipya, vile vinavyotoka kwenye boksi bila kuguswa na mkono wangu, havioti kitu. Siku moja Daktari akiwa safarini nikachukua visahani viwili. Kimoja nikakisugua kwa jiwe, nikakichora mstari mmoja chini. Kingine nikakiosha kwa sabuni na maji ya moto, nikakichora mistari miwili. Nikaviweka pamoja ndani ya bomba moja, gesi moja, moto mmoja. Vilipopoa nikavitoa. Cha sabuni kilikuwa cheupe. Cha jiwe kilikuwa na manyoya.

Nikarudia mara nne ili nisijidanganye. Lilikuwa jiwe. Lile jiwe letu lilitoka kwenye moto wa mlima, lina chuma ndani yake, chembe ndogo ndogo zilizotawanyika vizuri kuliko wao walivyokuwa wakizitawanya kwa dawa za kununua kwa dola. Unga wake ulibaki kwenye vinyweleo vya kauri hata baada ya kusuuza, na chuma kile kiliotesha. Kumbe sikuwa nimeharibu kitu. Nilikuwa nimeweka kichocheo cha bure.

Wewe ungefurahi. Mimi nilikaa chini nikalia, kwa sababu mtu wa kwanza niliyemkumbuka ni Mzee Shomari.

Jumapili ile nikamfuata kwake Mbagala. Nilimkuta anashona kapu mlangoni. Mkewe akaniletea maji. Nikamwambia yote, jiwe, daftari, majaribio, nikaongea kwa haraka ili nisije nikaacha. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kusimamisha mikono.

"Nilikuona ukiliponda," akasema.

"Ulijua? Siku ya kikao ulijua?"

"Habari za manyoya sikuzijua, hayo ni mambo yenu ya kisomo. Lakini nilijua hukuosha kwa asidi. Asidi ina harufu, binti yangu."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ungefukuzwa wewe, na wewe una mtoto wa shule na mume amekwisha fariki. Na tena," akanitazama, "lile lilikuwa neno lako la kusema. Nilikupa nafasi. Nilikuangalia, ukumbuke."

Nilikumbuka. Nilimwomba msamaha, akasema amekwisha samehe, akanipa kapu. Kapu hilo ndilo ulilowekea madaftari yako darasa la sita na la saba. Kila nilipokuona nalo nilimkumbuka mzee.

Nikajiambia nitasema ukweli. Na hapa ndipo nilipofanya kosa la pili, ambalo linaniudhi kuliko la kwanza, kwa sababu la kwanza nilikuwa mwoga na hili nilidhani nimekuwa jasiri. Nilikwenda kumwambia Daktari ofisini kwake, peke yake. Nilipofika penye jiwe, aliinuka akafunga mlango.

"Rudia. Jiwe gani?"

Nikarudia. Nikampa visahani vyangu viwili, chenye mstari mmoja na chenye mistari miwili, na mawe mawili yaliyokuwa yamenibakia. Nikamwambia Mzee Shomari hana kosa, arudishwe kazini. Alivigeuza visahani vile mkononi muda mrefu, uso wake ukabadilika, akawa mtu mpole ambaye sijawahi kumwona.

"Mama Atu, umefanya vizuri kuja kwangu kwanza. Hili la daftari ni kosa kubwa, lingekufikisha mbali. Usimwambie mtu mwingine. Mimi nitakulinda. Na la mzee niachie."

Nikamshukuru! Mwanangu, nilimshukuru mtu yule kwa mikono miwili. Alinivika kilemba cha ukoka nikatoka nimekinyoosha kichwa. Wiki chache baadaye manyoya ya jiwe yalipelekwa Ulaya kwenye darubini kubwa, yakarudi majibu kwamba ni mirija, tena mizuri. Chuo kikafanya tafrija. Nilipanga vikombe. Mzee Shomari hakurudishwa. Orodha ya pili ilipobandikwa, na mimi nilikuwemo.

Ukweli nilioutoa ndani ya chumba kilichofungwa ukawa mali ya mwenye chumba. Ndivyo ilivyokuwa, wala simlaumu yeye peke yake. Nilichagua chumba kwa sababu nilitaka kusema ukweli bila kuona haya mbele za watu. Nilitaka vyote viwili.

Tukarudi Tukuyu. Wewe ulikasirika kwa sababu ya mvua na kwa sababu watoto wa Bulyaga walikucheka unavyoongea. Ukazoea. Na mwaka uliofuata, utakumbuka, likaja lile gari la kijani mpaka Kawetele kwa bibi yako, akashuka Daktari na mgeni Mzungu mrefu aliyekupa biskuti. Hukujua walichokuja kukitaka. Walikuja kutafuta mahali jiwe linapotoka, kwa sababu mawe mawili niliyomwachia yalikuwa yamekwisha.

Mimi moyo wangu ulikuwa unachemka. Nilikuwa nimejipanga kumuuliza: la mzee uliachiwa, umelifanyia nini? Lakini unamjua bibi yako. Kwake mgeni haulizwi neno kabla hajala, na akishakula amekuwa wa nyumbani, huwezi tena kumsimamisha kama askari. Tukawapikia ndizi, tukachinja jogoo, tukaleta maziwa ya mgando. Mzungu akashukuru kwa Kinyakyusa, "ndaga fijo", kwa kupindapinda ulimi, bibi yako akacheka mpaka akajifuta machozi. Baada ya chakula niliwapeleka mwenyewe korongoni. Nilitangulia mbele yao nikiwaonyesha kwa kidole, hapa, na pale, lile jeupe jeupe ndilo zuri. Tukarudi, wakataka kuaga, na bibi yako akanivuta nyuma ya nyumba.

"Gwe Sekela, watu wanatoka kwangu mikono mitupu?"

"Mama, wamekwisha kula jogoo."

"Kula ni kula. Wasindikize na kitu. Kama wanapenda mawe, wape mawe, yamejaa! Mtu anakuomba jiwe na wewe unamnunia?"

Nikachukua magunia mawili ya kahawa, nikayajaza. Niliyafunga vizuri kwa kamba ya mgomba. Nikayabeba mpaka kwenye gari na kumkabidhi Daktari kwa magoti yaliyokunjwa kidogo kama tulivyolelewa, mbele ya bibi yako, mbele ya majirani, nikasema: "Hii ni zawadi yenu."

Yeye akasema: "Jina lako litakuwemo, Mama Atu. Usiwe na wasiwasi."

Nimeyafikiria magunia yale kuliko nilivyomfikiria baba yako, Mungu anisamehe. Nilikuwa na swali mdomoni na heshima mkononi, nikatoa heshima. Na sitaki ufikiri nailaumu mila yetu. Mkono wa kutoa ni mkono mzuri, bibi yako amekula maisha yake yote kwa mkono huo na hakuna aliyempunguzia kitu. Kosa ni langu niliyemtendea mwizi kama mgeni. Bibi yako hakujua, mimi nilijua.

Sasa nikukumbushe siku nyingine. Ulikuwa unasoma Mbeya, mwaka wa mwisho, ukaja nyumbani mwisho wa mwezi na fotokopi mkononi, umeruka kutoka kwenye gari hata mwavuli hukufungua. "Mama! Mama, angalia! Jiwe la kwetu! Wameotesha mirija ya kaboni kwa jiwe la Rungwe!" Ukanitafsiria ukurasa kwa ukurasa. Nilikuomba unisomee majina. Yalikuwa manne. Nikakuomba unisomee mwisho, pale wanaposhukuru. Ukasoma kwamba waandishi wanawashukuru wenyeji wa Rungwe kwa ukarimu wao.

Ukarimu! Mimi niliyevichora visahani mistari, niliyerudia mara nne nisijidanganye, nimekuwa ukarimu. Na penye maelezo ya jinsi jambo lilivyogundulika ukanisomea kwamba awali matokeo yalivurugwa na kasoro za uendeshaji wa tanuri. Kasoro za uendeshaji, yaani Mzee Shomari. Daktari alizoea kuwafundisha wanafunzi kwamba chuma katika kazi ile hakiliwi, kinasaidia tu, na mwishoni hakihesabiwi kwenye kilichovunwa. Naona somo lake alilielewa barabara, akatuhesabu na sisi hivyo hivyo.

Ulinikuta jikoni ukaniuliza mbona nalia, nikasema moshi. Wewe ukaendelea kufurahi, na kwa fotokopi ile ukaipenda kazi hii, ukaomba chuo, ukamwomba yeye. Ningekuzuia siku ile ile kwa neno moja. Nilinyamaza kwa sababu ningekwambia habari ya jiwe ningelazimika kukwambia na habari ya daftari, na nilitaka uendelee kuniona mama msafi.

Nilimwandikia Daktari barua. Hili pia hulijui. Alijibu kwa adabu, kwa mashine, kwa nembo ya chuo. Alisema jiwe lilikuwa zawadi ya familia, alilipokea mbele ya mashahidi, na zawadi haidaiwi. Akaongeza kwamba kwa faida yangu mwenyewe afadhali mambo ya daftari yasifufuliwe. Nilielewa. Ameshika uongo wangu kwenye droo yake, na kila nikitaka kufungua mdomo yeye atafungua droo. Kwa uongo wangu mimi mwenyewe amenifunga miaka yote hii, na wewe kesho unakwenda kumwamkia.

Sikuambii usiende. Watu watakushauri uvumilie, mvumilivu hula mbivu. Mimi nimevumilia, na mbivu nimeziona zikiliwa kwenye tafrija niliyoipangia vikombe. Wengine watakushauri ukalipize kisasi. Hilo nalo sikutumi. Hukusoma miaka yote hiyo ili uwe rungu la mama yako. Unayajua mambo ya chembe na mirija kuliko mimi, na kiti ulichopewa umekipata kwa kichwa chako. Ninachotaka ni kwamba ukikaa pale usiwe umekalia kitu usichokijua.

Na nimegundua mwenyewe, polepole kama mtu mzito wa kusikia, kwamba kamba aliyonifunga nayo ilikuwa na ncha moja mikononi mwangu. Droo yake ina nguvu maadamu mimi naficha. Siku nitakayosema mwenyewe kwamba niliandika asidi nikaosha kwa jiwe, hana kitu tena cha kufungua. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nilikuwa nikiutumia msemo huo kwa wanawake wanaoogopa kwenda kliniki, sikujua unanihusu.

Miezi miwili iliyopita nilipata habari kwamba Mzee Shomari amefariki. Bintiye Mwanaidi alinipigia kwa simu ya jirani. Akaniambia watu waliokuja msibani kutoka chuo walikuwa wawili, na mmoja wao, akidhani anamsifu, alisema, "Mzee alikuwa mtu mwema, ingawa lile tanuri alituharibia." Msibani, Atu! Mbele ya watoto wake! Alizikwa na kosa langu juu yake. Tangu siku hiyo sijalala usingizi wa kushiba, na hasira yangu kwa Daktari imenirudia mara mbili, kwa sababu nusu yake ilikuwa ya kwangu na nilikuwa nikimbebesha yeye yote.

Kwa hiyo nisikilize sasa. Asubuhi hii ulipodhani nimekwenda sokoni, nilikwenda posta. Nilikuwa na bahasha tatu. Ndani ya kila moja nimeandika kila kitu nilichokuandikia hapa kuhusu maabara: jiwe, daftari, kisahani cha mstari mmoja na cha mistari miwili, kikao, chumba kilichofungwa, magunia. Nimeandika kwamba Mzee Shomari hakuharibu chochote na kwamba niliyesema uongo ni mimi. Moja inakwenda kwa mkuu wa chuo, moja kwa Daktari, moja kwa Mwanaidi awasomee ndugu zake. Nimeziandikisha kwa rejista ili asiwepo wa kusema hazikufika.

Sikukuuliza kwanza. Ningekuuliza ungenikataza, nami ningekusikiliza, halafu ningenyamaza tena miaka kumi na kusema nimenyamaza kwa ajili yako. Najua nimekuharibia mlango wa kuingilia. Utafika kama mwanafunzi mpya kutoka Tukuyu, na siku nne au tano baadaye utakuwa mtoto wa yule mama. Wanaweza kukunyima tanuri, wanaweza kukutafutia sababu. Huenda pia wakawepo watu wazima pale watakaoona haya. Sijui. Kama ukisoma haya ndani ya basi ukaamua kushuka Mbeya na kurudi nyumbani, mlango uko wazi na sitakuuliza neno. Ukiamua kwenda, una siku hizo nne za kumwambia wewe mwenyewe kabla ya posta, au za kukaa kimya ukajifunza sura yake. Hilo ni neno lako la kusema, si langu.

Nikasirikie ukitaka, una haki. Lakini usiniombee radhi kwa mtu yeyote pale chuoni. Miaka yote niliyowaoshea vyombo waliniita Mama Atu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza naitwa nani. Kwenye zile barua tatu nimelitia jina langu lote, kwa mwandiko ule ule wa kwenye daftari, ili wakiuliza ni nani huyu wakuulize wewe, na wewe uwaambie.

Mimi mama yako,
Sekela Ambilikile